Utalala Wapi Baada ya Mavuno

Kabla ya kumchoma mtoto kisigino, alimsalimia kwanza. "Kamwene, mgeni," alimwambia kwa Kihehe, hata kama mtoto ni wa Wasangu au Wanyakyusa, kisha akanyamaza kidogo kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Mtoto mwenyewe hana hata siku moja duniani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na trei ya pamba na sindano fupi, najiuliza nimerudi nchini kufanya kazi na watu wa namna gani.

Sisi sote pale kituoni tulimwita Mkunga, ingawa wakunga walikuwa watatu. Ukisema "nenda kwa Mkunga", hakuna aliyeuliza yupi. Jina lake nalijua, ila sijawahi kumwita kwalo, na sitaanza leo.

Mimi ni mtoto wa Ilomba, Mbeya. Baba alikuwa mchoma matofali. Niliondoka nyumbani na begi moja kwenda Lusaka, nikaanza kwa kuosha chupa kwenye maabara ya mtu binafsi, na miaka minane baadaye nikarudi na stashahada ya maabara niliyojisomesha mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenichangia. Nilirudi na darubini yangu pia, ndani ya sanduku lake la mbao, na mpaka leo sijaona mtu wa umri wangu mkoani Mbeya anayemiliki darubini. Watu husema najisifu. Ninacho cha kujisifia.

Nilipangiwa kituo kimoja cha afya nje kidogo ya Rujewa, huko kwenye mpunga, kwa sababu mradi wa kupima watoto wachanga ulikuwa unaanza na walihitaji mtu anayejua kazi. Kazi yenyewe ukiitazama ni ndogo: matone manne ya damu ya kisigino kwenye karatasi nene, yakauke kivulini, yapelekwe maabara kubwa, na baada ya wiki kadhaa majibu yarudi kusema kama mtoto ana selimundu au hana. Mtaani wanaita sikoseli. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mtoto huzaliwa akiwa mzima kabisa kwa kumtazama. Damu aliyotoka nayo tumboni humlinda miezi michache. Ikishakwisha, homa moja tu inaweza kumchukua mama akiwa bado anatafuta usafiri. Lakini akijulikana mapema akapewa penisilini asubuhi na jioni, akakingwa na malaria, na mama akafundishwa kupapasa bandama, anakua kama wengine. Kwa hiyo kila kitu kinategemea jambo moja, majibu yamfikie mtoto kabla ya ile homa.

Mkunga alikuwa mfupi, mpana, na viatu vyake vya turubai alivipaka chaki kila Jumapili jioni, hivyo Jumatatu aliacha nyayo nyeupe wodi nzima. Kucha za vidole vidogo alizikata kila asubuhi bila kukosa. Sababu yake niliiona siku ya kwanza. Kila mtoto aliyezaliwa alimkagua kutoka utosini hadi unyayoni, na alipofika mdomoni aliingiza kidole kidogo na kupapasa kaakaa taratibu, macho ameyafumba. Alishuka mgongoni, uti mzima, akitafuta uwazi. Aliikunja miguu na kuifungua kusikiliza nyonga. Alimgeuza na kuangalia njia ya haja kubwa, jambo ambalo wengi huliruka kwa kudhani haiwezekani ikakosekana. Asubuhi moja alipokea zamu, akakuta mtoto ameshaandikwa "mzima" kwenye faili, akamfungua nepi upya.

"Nani kaandika mzima?" aliuliza.

Muuguzi wa zamu ya usiku akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huyu mtoto hana mlango wa nyuma. Uliandika ukiwa umesimama wapi?"

Mtoto yule alipelekwa Mbeya siku ileile akafanyiwa upasuaji. Mkunga hakuliongelea tena jambo hilo, ila tangu siku hiyo muuguzi yule alikuwa anafungua nepi hata za watoto waliokuja kwa chanjo.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alitaka wodi iwe kimya, lakini kicheko chake kilisikika mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na kila Krismasi yeye ndiye aliyewakumbusha manesi wa Kilutheri wanunue soda za wazazi. Aliwachoma watoto wa wenzake visigino kutwa nzima, lakini siku alipohisi malaria nikahitaji tone la kidole chake, alinigeuzia kisogo na kushika mkono wa koti langu kwa nguvu.

"Umeshachoma?"

"Bado, Mama."

"Sasa unangoja nini? Umeshachoma?"

"Bado hata sijafungua sindano."

"Mtaalamu, utaniua."

Aliniita Mtaalamu tangu wiki ya kwanza. Mwanzoni nilidhani ni heshima.

Lakini sitaki msomaji adhani kwamba mimi sikumfundisha kitu. Nilimkuta anakamua visigino ili damu itoke haraka. Nikamwambia, ukikamua, damu inachanganyika na maji ya mwilini na kipimo kinaharibika. Pasha kisigino kwa kitambaa cha vuguvugu, choma pembeni, siyo katikati, ngoja tone lijae lenyewe. Wote walinikodolea macho, kwa kuwa Mkunga hakuwa mtu wa kuelekezwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kitambaa, akakilowesha, akampima mtoto aliyefuata kama nilivyosema, matone manne ya mviringo safi kabisa. Akaniambia, "Hili umelileta wewe. Ahsante." Basi. Hakuwahi kukamua tena. Nimefanya kazi na maprofesa Lusaka ambao ungewaambia hivyo wangekununia mwezi mzima.

Tulichogombania ni kaunta buku lake.

Mradi ulitupa fomu: jina la mama, kijiji, namba ya simu, tarehe. Mimi niliongeza jedwali kwenye kompyuta, nililitengeneza mwenyewe kwa jioni tatu. Mkunga aliijaza fomu, halafu akafungua kaunta buku, daftari nene la kwaya mbili, na kuanza mambo yake. Majina matatu ya mama, na "Mama Fulani" hakuikubali. Nyumba ni ipi, inapakana na nani. Mlango una rangi gani. Na mwisho, kila mama, hata anayeguna kwa maumivu, aliulizwa maswali mawili: "Ukitoka hapa utalala wapi?" Na la pili, "Na baada ya mavuno utalala wapi?"

Anayeijua Rujewa ataelewa. Wakati wa palizi na kuvuna, watu huja kutoka kila upande, Kyela, Njombe, Iringa, wanapanga chumba au wanalala kambini shambani. Mpunga ukishaingia kwenye magunia wanatawanyika kufuata kazi nyingine. Mimi nililielewa hilo vizuri. Nilichokuwa sielewi ni kwa nini tupoteze dakika kumi kwa kila mama wakati kila mtu ana simu.

"Mama, simu zimerahisisha kazi," nilimwambia.

"Ya nani?"

"Ya mama wa mtoto."

"Muulize kama ni yake."

Sikumuuliza mtu yeyote. Nilicheka, na nakumbuka nilimwambia Lusaka wangeliweka lile kaunta buku makumbusho.

Kisha akafiwa na shemeji yake, akaenda Iringa wiki nzima, na kuandikisha watoto kukabaki mikononi mwangu. Nilifurahi. Wiki ile tulifanya kazi haraka kuliko wakati wowote. Kaunta buku lilikaa kwenye droo. Alhamisi binti mmoja mcheshi anayeitwa Tusajigwe alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu kasoro. Kisigino nilikichoma mwenyewe, cha kushoto, upande wa nje, matone manne yaliyokaa vizuri kiasi kwamba nilimwita muuguzi aje ayaone. Kwenye fomu nikaandika: Tusajigwe, Rujewa, na namba ya simu.

Majibu ya fungu lile yalichelewa kuliko kawaida. Yalipofika, watoto wote walikuwa salama isipokuwa mmoja. Wa Tusajigwe alikuwa na selimundu, na kwa hesabu yangu alikuwa anaingia mwezi wa tano.

Nikapiga simu. Akapokea mwanaume, nyuma yake mashine inanguruma.

"Tusajigwe? Aa, hao si vibarua wangu wa palizi? Wameshaondoka, kaka. Mpunga umekwisha, wakae hapa wanafanya nini?"

"Wameenda wapi?"

"Sasa hilo niulize mimi au uwaulize wao?"

Nilikaa na karatasi ile mkononi. Nilifikiria kusubiri Mkunga atoke zamu, nikafikiria kutomwambia kabisa nimtafute mtoto peke yangu. Mwishowe nikaenda wodini nikampa asome. Alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Alikwambia atalala wapi baada ya mavuno?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Fomu haina sehemu hiyo, Mama."

Nilitegemea anifokee, na nadhani ningeona nafuu. Yeye aliuliza tu, "Alilala kitanda gani?"

"Cha dirishani."

"Na cha pili yake alikuwepo nani?"

Hilo nilikumbuka. Alikuwepo mama mmoja mnene mwenye presha, aliyelazwa muda mrefu kabla ya kujifungua. Mkunga akaenda kwenye droo. Mama yule alilazwa kabla yeye hajasafiri, kwa hiyo alikuwemo ndani ya kaunta buku, kwa mwandiko wake mkubwa wa kulala: Ubaruku, nyuma ya msikiti, mlango wa bluu, mume anashona viatu, baada ya mavuno yupo hapohapo.

Tulifika Ubaruku jioni ileile. Mlango ulikuwa wa bluu. Mama mwenyewe alitupokea huku ananyonyesha.

"Tusa? Yule mwenye maneno mengi? Alinichekesha mpaka presha ikapanda!" Kisha akaona nyuso zetu. "Kuna nini, Mama?"

"Tunamtafuta kwa heri," Mkunga alisema. "Alikwambia wanakwenda wapi?"

"Mume wake ana kaka yake Ilula, kwenye nyanya. Alisema anaenda kupanga nyanya kwenye matenga, maana hapo mtu unafanya kazi umekaa na mtoto mgongoni."

Jumamosi tulipanda basi mpaka Iringa. Njia nzima, Makambako, Mafinga, misitu ile ya misonobari, mimi nilikuwa naandaa hotuba. Nilijua nitamweleza nini mama yule kuhusu vinasaba, kwamba yeye na mume wake kila mmoja amempa mtoto kimoja, kwamba hakuna aliyemroga mtu. Niliipanga vizuri sana. Mkunga alilala. Usiku tulipumzika kwa dada yake Mlandege, na asubuhi tukaenda Ilula.

Kwenye eneo la kupakia kulikuwa na wanawake kama ishirini, matenga ya mbao yamepangwa mpaka juu. Nilitaka kuita jina. Mkunga akanizuia. Alizunguka akisalimia mmojammoja, "Kamwene, kamwene," akisifia watoto, mpaka alipofika kwa binti mmoja aliyeinamisha uso ghafla. Nilimtambua.

"Jamani, Dokta," Tusajigwe alisema, "mmenifuata kutoka Rujewa? Nilichukua shuka la hospitali, hilo tu, na lenyewe limeshachanika."

Wenzake wakaangua kicheko. Mkunga naye akacheka mpaka akashika tenga.

"Shuka kaa nalo," alisema. "Nataka kumsalimia mgeni wangu. Sikuwepo alipokuja."

Mtoto akashushwa mgongoni. Alikuwa macho, mnene wa mashavu, ila vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejaa kama vya mtu aliyeumwa na nyuki; selimundu mara nyingi huanzia hapo.

"Analia siku ya pili leo," Tusajigwe alisema, na utani ukamtoka. "Wananiambia ni baridi ya huku. Nampaka mafuta ya moto."

Mkunga aliingiza mkono chini ya mbavu za kushoto za mtoto, akakaa hivyo kwa muda, kisha akanitazama na kutikisa kichwa: bandama bado haijavimba. Tulikuwa hatujachelewa. Nikakohoa, nikaanza.

"Dada, mwili wa binadamu una vinasaba ambavyo..."

Nilihisi mkono wa koti langu unavutwa. "Anza na kosa," Mkunga alisema kwa sauti ya chini.

"Mama?"

"Anza na kosa. Hayo mengine atayasikia vizuri baadaye."

Nimesimama mbele ya wakuu wa idara. Nimejieleza kwa maofisa wa mpakani Tunduma wakiwa wamelikalia sanduku la darubini yangu. Sijawahi kukosa maneno kama siku ile, mbele ya wanawake ishirini wenye mikono ya nyanya.

"Dada," nilisema, "mtoto wako tulimpima akiwa na siku moja. Ana ugonjwa wa damu, na una dawa. Majibu tulikuwa nayo, lakini hatukujua ulipo. Mimi ndiye niliyekuandikisha, na sikukuuliza utakwenda wapi baada ya mavuno. Ilipaswa nikuulize."

Alimvuta mtoto kifuani.

"Ungeniuliza ningekwambia," alisema. "Mimi siyo mtu wa kujificha."

Hakuna neno lingine alilosema juu ya hilo, siku ile wala baadaye. Mkunga aliomba maji, akamnawisha Tusajigwe mikono yote miwili kama anavyonawishwa mtoto, akaukausha mkono wa kulia kwa khanga yake, akauweka chini ya mbavu za mtoto. "Hapa. Kila asubuhi, kabla hujasuka nywele, kabla hujawasha moto. Ukikuta kitu kigumu kimeshuka, unaacha yote, unakimbia hospitali. Nionyeshe. Tena. Tena." Wanawake wengine walisogea, na nikaona mmoja anampapasa wa kwake. Mchana ule tulikuwa Iringa mjini, hospitalini, na mtoto akaanza dawa. Jina lake Atupele.

Safari ile nimeisimulia mara nyingi, Mbeya, Tukuyu, hata Lusaka nilipokwenda kutembea. Nakiri kwamba katika masimulizi yangu mengi mimi ndiye niliyempata mtoto. Ubaruku huwa naifupisha.

Mkunga alistaafu, akahamia Mlandege kwa dada yake. Mimi nilipanda cheo. Sasa nasimamia upimaji wa watoto wachanga katika vituo kadhaa, nina ofisi, na darubini yangu iko juu ya kabati la vioo ambapo kila anayeingia anaiona. Mwezi uliopita nilipata kazi Iringa, nikapitia kwake na rejista mpya, zenye jalada gumu, bado zinanuka wino. Ni mimi niliyependekeza zichapwe, na ni mimi niliyeandika safu ya mwisho: *Utalala wapi baada ya mavuno?*

Nilimkuta barazani anamenya njegere. Nywele zilizochungulia kwenye ushungi zilikuwa nyeupe zote, ila kucha za vidole vidogo alikuwa amezikata. Alifuta mikono, akavaa miwani, akaifungua rejista moja na kuusoma ukurasa mzima, kila safu, mimi nimekaa kama mwanafunzi.

"Nafasi ndogo," alisema.

"Mama, ndiyo hiyo niliyopigania."

"Sikatai. Ila hapa utaandika wapi mlango wa bluu?"

Kabla sijajibu, geti lilifunguliwa, akaingia Tusajigwe na kikapu cha nyanya, nyuma yake binti mwembamba wa darasa la kwanza. Ilikuwa siku yao ya kliniki. Kumbe kila wanapotoka hospitali wanapumzika hapo kabla ya kurudi Ilula, miaka yote hii, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Tusajigwe alinisalimia kwa furaha, akapitiliza jikoni.

"Atupele," Mkunga alisema, "msalimie mjomba. Huyu ndiye aliyekupoteza."

"Shikamoo."

"Marahaba," nilisema.

Mtoto alinichunguza. "Na nani alinipata?"

Mkunga alirudi kwenye njegere zake. "Huyohuyo. Mimi nilimsindikiza."

Alilisema kikawaida tu, bila kuniangalia, na ningeweza kunyamaza likapita. Nimenyamaza mara nyingi kwa uongo mdogo kuliko huo.

"Siyo kweli," nilisema. "Ni bibi yako huyu. Mimi nilibeba mfuko."

"Na nani alinichoma?"

"Hapo ni mimi."

"Mguu upi?"

"Wa kushoto. Upande wa nje."

Akakaa chini, akavua kiatu. Kilikuwa cha turubai, cheupe kwa chaki. Akaukunja mguu mpaka karibu na uso, akakitazama kisigino, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hamna kitu," alisema.

"Ndiyo inavyotakiwa," Mkunga alisema. Kisha akaivuta rejista kwenye mapaja yake, akatafuta ukurasa wa nyuma usiojazwa bado, akanyoosha mkono nimpe kalamu yangu.

"Haya, na wewe Mtaalamu. Ukitoka hapa unalala wapi?"

Nikamwambia nyumba ya wageni pale stendi, na kesho nyumbani, Ilomba, kituo cha pili baada ya soko, geti la kijani, jirani yangu anauza mbao. Aliandika yote, taratibu, kwa mwandiko wake wa kulala, na maandishi yakatoka nje ya kisanduku cha safu ya mwisho.